Mafundi umeme wa magari Tanga, acheni kukata waya ambao hamjaupima!

Wakuu, leo sizunguki mbuyu. Nina hasira.

Taa kubwa ya kushoto ya pikapu yangu, Toyota ya zamani, ilifubaa. Ya kulia inawaka safi, ya kushoto rangi ya chai, dimu (mwanga mfupi) na fulu (mwanga mrefu) zote. Nikaipeleka kwa fundi umeme huku Ngamiani. Hakushika hata taa ya kupimia. Kafungua boneti, katupa jicho, katamka: "Erthi hiyo, mzee," yaani njia ya umeme kurudi hasi kupitia bodi. Akachubua waya mmoja wa soketi, ule wa pamoja, akauunganisha kwenye bodi kwa bolti.

Sasa sikilizeni. Globu ya H4, aina iliyomo kwenye taa yangu, ina miguu mitatu: wa dimu, wa fulu, na wa pamoja. Kwenye gari nyingi ule wa pamoja ni erthi. Lakini Toyota nyingi za zamani ni kinyume chake: mguu wa pamoja ndio unaoleta chanya kutoka kwenye fyuzi, na swichi ya usukani inaunganisha njia upande wa erthi. Ukiufunga huo kwenye bodi, umepiga shoti. Fyuzi ya ampia 15 ikakatika palepale. Badala ya kujiuliza imekatwa na nini, jamaa akachomeka ya 30! Waya ukaanza kufuka moshi. Kichwa cha betri nilikichomoa mimi, yeye anatafuta spana.

Fyuzi imewekwa pale kulinda waya. Ukiweka kubwa kuliko waya unavyohimili, unaoungua ni waya, humo humo kwenye boneti yenye mafuta na plastiki. Watu wanapanda gari hizo na watoto wao, jamani!

Nikahamia kwa mwingine. Huyu ndiye alinimaliza kabisa. Alikata waya za kiwandani, akavuta nyaya dairekti kutoka betri mpaka kiswichi cha kubonyeza kwenye dashibodi. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) hakuna, fyuzi hakuna. Juu yake akafunga globu za wati 100/90 (fulu/dimu), eti nione mbali. Wati 100 kwa volti 12 ni zaidi ya ampia 8. Taa mbili, zaidi ya 16, zote zinapita kwenye kidude cha plastiki! Rilei ipo ili mzigo huo usipite kwenye swichi.

Nikiwa natoka Segera usiku, kabla sijafika Muheza, taa zote mbili zikazima kwa mpigo. Lori linakuja mbele yangu, mimi sioni barabara. Nilishika ukingo wa lami kwa mwanga wa taa za lile lori mpaka nikasimama. Kiswichi kilikuwa kimeyeyuka, kinanuka.

Na ugonjwa wenyewe? Niliazima multimita, kile kipimo cha volti, kwa jirani anayetengeneza redio. Taa ikiwa imezimwa, soketi ya kushoto inaonyesha volti 12, kila kitu kizuri. Taa ikiwaka, zinashuka hadi 9 na kitu, wakati kwenye betri bado ni zaidi ya 12. Hapo ndipo mnapodanganyika nyie mnaopima bila mzigo. Nikaifuata njia ya chanya hadi kwenye pini ndani ya soketi: imeota kutu ya kijani, imelegea, plastiki yake imeanza kuungua. Gari hii inabeba samaki, maji ya chumvi ndiyo maisha yake, na nusu ya gari za mji huu zinalala karibu na bahari. Kwa fundi wa Tanga hilo lilitakiwa liwe la kwanza kukaguliwa. Soketi mpya, pini zikabanwa sawasawa, globu ya 60/55, taa ikarudi kuwa nyeupe.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa pini moja. Nilicholipia ni kuharibiwa waya za mbele zote.

Mafundi mliomo humu, nijibuni: multimita ya kawaida inawashinda nini? Mnapokea pesa ya kupima au ya kubahatisha?

Mwenye waya za taa za mbele za Hilux ya zamani iliyolala skrepa, zisizokatwa, aniambie bei. Na wewe uliyechomoa rilei yangu ya kiwandani ukaitia mfukoni ukisema haina kazi tena, naitaka. Nakuja gereji kesho asubuhi.