Kwa Bibi Chumbageni: ile ya baba yake Will

*Grupu la familia, Jumamosi usiku*

Mimi: Shikamooni wakubwa. Wadogo, habari za usiku. Nimemaliza kuangalia ile episodi ya The Fresh Prince of Bel-Air aliyoituma Kitinda Mimba mchana, ile komedi ya Marekani ya kijana Will (Will Smith) anayekaa kwa Anko Phil na mkewe Vivian. Nimecheka, nimelia, na sasa nimekaa kitandani na hasira. Sitalala nisipoyasema.

Kitinda Mimba: Dada nilijua tu 😭😭

Mama: Marahaba mwanangu.

Mama Mdogo: Marahaba. Mimi bando limekata katikati. Nimeishia pale Will na baba yake wanacheka. Kumetokea nini?

Mimi: Mama Mdogo, pole, maana uliishia pazuri. Hii ni sizoni ya nne, ilioneshwa Marekani Mei 9, 1994. Lou, baba yake Will, kamkimbia mtoto, miaka 14 hakuna barua wala salamu, leo kaibuka. Dereva wa lori, ana maneno matamu, na Will kayeyuka mara moja. Wamepanga kuzunguka wote kiangazi kizima. Mabegi yamefungwa. Siku ya safari Lou anaanza: kuna kazi imeingia, nitakupigia, tutapanga wiki nyingine. Will anaitikia tu, sawa, hamna shida. Akimuaga hamwiti tena baba. Anamwita Lou.

Mama Mdogo: Yallah.

Mjomba: Huyo aliyemcheza Lou ni Ben Vereen. Ndiye Chicken George wa Roots, ile tamthilia ya utumwa ya 1977, sisi wa zamani tunamjua. Mtu wa jukwaani hasa, wa kuimba na kucheza.

Mimi: Na ndipo waliponishika, Mjomba. Wangemletea Will mlevi au mkorofi nisingeumia hivi. Lou anapendeka. Hata mimi nilimpenda, na najua mwisho wake.

Kitinda Mimba: Wote tulimpenda 😔

Mimi: Akishatoka, Will anabaki na Anko Phil sebuleni. Anajifanya mzima. Anatania. Anaanza kuhesabu aliyojifunza bila yule mtu: kurusha mpira kikapuni, kuendesha gari, kunyoa ndevu, kupigana. Sauti inapanda kidogo kidogo. Birthday 14 hakuna hata kadi. Kipindi kile kilirekodiwa mbele ya watu, wiki zote unawasikia wakicheka, pale kicheko hakuna. Halafu anauliza kwa nini baba yake hamtaki. Phil hana jibu. Anamvuta tu anamkumbatia.

Mama Mdogo: Naomba mnitumie hicho kipande peke yake. Kesho nikinunua bando.

Kitinda Mimba: Nakukatia klipu Mama Mdogo. Halafu dada, nimeona mahali wanasema Will Smith hakuigiza pale. Eti baba yake mzazi alimtupa kweli, ndiyo maana akalia vile, na maneno hayakuwa kwenye skripti.

Mimi: Hapana mdogo wangu, usiisambaze hiyo. Baba yake alimlea. Alikuwa fundi wa majokofu hukohuko Philadelphia, na Will mwenyewe amesimulia jinsi alivyomjengesha ukuta wa matofali yeye na mdogo wake. Kulia kule ni kazi. Amesimulia pia kwamba wakiwa bado wamekumbatiana, James Avery, ndiye Phil, alimnong'oneza sikioni kuwa huko sasa ndiko kuigiza. Kijana alikuwa na miaka 25. Tumpe jasho lake.

Kitinda Mimba: Sawa dada, naifuta nilikoituma.

Mjomba: James Avery alitutoka siku ya mwisho ya 2013. Mungu amrehemu.

Mimi: Amina. Sasa niseme kilichonikasirisha, maana mpaka hapa ni kama nasifia tu.

Mama: Ngoja nianze mimi.

Mimi: Sema Mama.

Mama: Nimeiangalia yote kwa simu ya jirani. Mama wa mtoto yuko wapi? Yule mwanamke wa Philadelphia aliyebaki na mtoto. Mtoto anataka kuondoka na mwanamume aliyewaacha, na hakuna anayempigia simu mama yake kumuuliza wewe unasemaje. Tunamsikia Lou, tunamsikia Phil, wanagombana kwa sauti kubwa. Yeye miaka 14 anafua na kupika, hana hata sentensi moja.

Mama Mdogo: Dada umesema.

Mimi: Mama, hilo sikuliona. Nimeangalia mara mbili na sikuliona.

Mama: Hukuliona kwa sababu nawe ulikuwa unamwangalia baba.

*(Dakika kadhaa hakuna aliyeandika.)*

Mimi: Ni kweli Mama. Nisamehe.

Mama: Hakuna la kusamehe mwanangu. Endelea.

Mimi: Langu ni sanamu. Will alikuwa amemnunulia Lou zawadi, kisanamu cha baba amemkumbatia mtoto. Hakuipata nafasi ya kumpa. Wale wawili wakiwa wamekumbatiana, kamera inawaacha, inakwenda kwenye kisanamu, na ndiyo mwisho. Watu wengi wanaisifu sana picha ile. Mimi imenichoma. Zawadi bado ya Lou! Baba mwenyewe yuko palepale, mikono yake iko mgongoni kwa kijana, na hakuna anayempa kitu. Ningekuwa mimi naandika, Will angeinama akaichukua, akamkabidhi Phil bila kusema neno.

Kaka Muscat: Mdogo wangu, wao wanamwita anko. Kwao ni mume wa shangazi basi.

Mimi: Ndiyo maana sisi tuna neno na wao hawana, kaka. Vivian ni ndugu wa mama yake Will, tumbo moja. Sisi tungemwita mama mkubwa au mama mdogo. Mumewe je? Baba mkubwa au baba mdogo. Kwa Kiswahili Will anauliza kwa nini baba hanitaki huku amekumbatiwa na baba. Lou hakurudi tena kwenye kipindi kile mpaka kilipoisha 1996. Phil alikuwepo mpaka taa zinazimwa.

Mama Mkubwa: Mwanangu hebu sema unalotaka kusema. Tumekulea, tunakujua.

Mimi: Mama Mkubwa, unakumbuka kofia?

Mama Mkubwa: Ya viua. Nakumbuka.

Mimi: Kitinda Mimba hukuwa umezaliwa. Nilikuwa darasa la sita, nakaa kwa Mama Mkubwa. Baba akatuma salamu anakuja Idi, atashuka na basi la jioni kutoka Dar. Bibi akanifundisha kushona kofia. Miezi minne, kitambaa cheupe, uzi wa rangi ya maziwa, kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kishike. Vidole vilikuwa na matundu kuliko kofia. Kichwa chake sikukijua kipimo, nikakisia 22. Nikaifunga kwenye gazeti, nikakaa nayo barazani tangu alasiri. Mabasi matatu yalipita. Magharibi ikaadhiniwa, isha ikaadhiniwa. Baba Mkubwa akatoka na taa ya chemli, umeme ulikuwa umekatika, akakaa pembeni yangu. Hakuniambia ingia ndani. Alikaa tu mpaka niliposinzia, akanibeba.

Kitinda Mimba: Dada 😭

Mimi: Asubuhi ya Idi kofia ikaingia kwenye sanduku la Bibi. Sikuwahi kumpa mtu. Baba Mkubwa alikwenda kuswali na ileile ya zamani iliyofifia, nikamwangalia anatoka, na halikunijia kabisa wazo la kumwita. Leo nimemwona Will amekiacha kile kisanamu mezani, nimejiona mimi. Hasira yangu kwa walioandika ile episodi inatoka huko. Kama wangemfanya ampe Phil, mimi ningejifunza mapema.

Mjomba: Labda ndiyo maana waliiacha pale mezani, tuone.

Mimi: Labda, Mjomba. Bado nataka ampe.

Mama: Sanduku la Bibi liko kwangu. Ngoja.

*(Picha: kofia nyeupe juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki. Upande mmoja uzi umegeuka rangi ya chai.)*

Mama: Nondo hawajaigusa. Bibi aliijaza karafuu.

Mimi: Mama 😭😭😭

Kaka Muscat: Baba Mkubwa anasoma. Namwona yuko hewani tangu mwanzo.

*(Baba Mkubwa anaandika…)*

*(Baba Mkubwa anaandika…)*

Baba Mkubwa: Nilidhani umeshaigawa. Mimi navaa 22 na nusu. Itabana kidogo mwanzoni halafu itakaa. Msiifue na jiki. Nakuja kwa mama yako kesho baada ya adhuhuri, uwepo.

Mimi: Nitakuwepo, Baba.