Mashine za cyber zimelemewa na Chrome: tuiache, au kosa liko kwingine?

Mwenye cyber, Katuba (Lubumbashi)
Ndugu zangu, nawatupia swali. Mteja anakuja kujaza fomu, kiduara kinazunguka tu, na dakika anazolipia zinaendelea kuhesabika. Akichoka, lawama ni zangu. Mashine zangu ni za mtumba, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 4, nyingine giga 2, Windows 7. Mimi nasema cyber, shule na ofisi za huku ziachane na Chrome, kivinjari cha Google. Ilipotoka mwaka 2008 ilisifiwa kwa wepesi. Leo kwenye Windows 7 imeishia toleo la 109, tangu mwanzoni mwa 2023 hatupewi jingine. Uzito tunaubeba, usalama hatuupati. Mimi nataka Firefox, kivinjari cha Mozilla, kila mahali. Anayepinga alete hoja.

Mwanafunzi, Kasapa
Napinga, mukubwa. Tatizo ni mtandao. Saa moja jioni watu wote wako hewani, forfe (kifurushi cha intaneti) yenyewe ni ya mega za kuhesabu. Hapo hata uweke kivinjari gani, utangoja tu.

Fundi wa kompyuta, Kamalondo
Leki, tupime kwanza ndipo tubishane. Fungua Chrome, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Kinatokea kidirisha kinachoonyesha kila kichupo (tab) kinakula kumbukumbu kiasi gani. Bofya juu ya safu ya kumbukumbu, walafi wapande juu. Mara nyingi utakuta ukurasa mmoja wa habari, wenye matangazo na video inayojichezesha yenyewe, umekula mega mia kadhaa, na chini yake viendelezi, vijiprogramu vya kuongezea kwenye kivinjari, ambavyo hakuna anayekumbuka nani aliviweka. Kwenye cyber ni mbaya zaidi: umeme ukikatika na kurudi, mteja anakubali kurejeshewa vichupo vyote vya aliyemtangulia, vyote vinaamka kwa mpigo. Kama kumbukumbu bado ipo na ukurasa haufunguki, hapo ulaumu mtandao. Lakini taa ya diski ikiwaka bila kupumzika, ujue RAM imejaa na mashine inaazima nafasi kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno.

Na wewe mzee wa Katuba, usitegemee miujiza. Chrome inatenga tovuti mbalimbali, kila moja na mchakato wake (kama programu inayojiendesha peke yake), isichungulie siri za mwenzake. Mwaka 2018, baada ya kasoro ya Spectre kugunduliwa kwenye prosesa, utengano huo ulikazwa na kumbukumbu ikaliwa zaidi. Firefox nayo ikafuata njia hiyo mwaka 2021. Anayekushauri uhamie Edge, Brave au Opera ya kompyuta, mwambie zote zimejengwa juu ya Chromium, ileile inayobeba Chrome. Umepaka gari rangi, injini haijaguswa.

Kinachonivuta mimi kwenye Firefox ni uBlock Origin, kizuia matangazo. Google wamebadilisha kanuni za viendelezi, kwa hiyo kwenye Chrome ya sasa imebaki ile ndogo ya Lite. Kwenye Firefox ipo nzima, hata Firefox ya Android. Matangazo yasipopakuliwa, RAM inapumua na mega zinabaki, kwa hiyo hata mwanafunzi wetu ana sehemu yake ya haki.

Muuza vitenge, komini ya Kenya (hapahapa Lubumbashi)
Nyinyi wababa mnaongea kompyuta, sisi wengine tuna simu tu. Mimi ni Opera Mini, kivinjari cha simu. Ukurasa unapita kwanza kwenye seva zao, unabanwa, unanifikia ukiwa mdogo. Chrome ya simu nayo ilikuwa na kitu cha namna hiyo, wakakiondoa 2022. Nani aliwaambia mega zimekuwa bei rahisi huku?

Fundi
Mama, kwa kusoma habari uko sawa kabisa. Ila seva haiwezi kubana ukurasa bila kuufungua. Ubanaji ukiwa ule wa juu kabisa, hata ukurasa wenye alama ya kufuli, yaani uliofungwa usisomwe na wengine, unafunguliwa njiani. Mambo ya benki na maneno ya siri yafanyie kwenye kivinjari kingine.

Mama huyohuyo
Hilo nimelichukua. Opera Mini siiachi.

Mwalimu, Kampemba
Mbona mwenye tovuti hamumgusi? Fomu inataka jina, tarehe ya kuzaliwa na picha ya pasipoti. Kwa nini ibebe picha ya jengo iliyojaa skrini nzima, na nyingine tatu zinazopokezana? Halafu juu wameandika: tumia Chrome. Sisi tubadilishe kivinjari, tubadilishe Windows, tununue RAM, na yeye asipunguze hata picha moja! Wanafunzi wangu wakikosa kujiandikisha, huyo hatajua.

Mwenye cyber
Mwalimu, umegusa penyewe, lakini mteja yuko kwenye kiti sasa hivi, siwezi kumwambia angoje mpaka picha ya jengo ipungue. Basi Firefox na kizuia matangazo kwenye zote, Chrome ibaki kwenye mashine moja kwa ajili ya fomu zenye maringo. Lakini fundi, Firefox ya Windows 7 nayo imeishia toleo la 115. Marekebisho ya usalama Mozilla wamekuwa wakiyasogeza mbele kidogo kidogo. Yakikatika, nitupe mashine?

Fundi
Usitupe. Weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce. Wenyewe wanataka giga 2 kwa uchache, giga 4 ndiyo starehe, na Firefox inakuja nayo.

Mwenye cyber
Na wateja wakiuliza Windows iko wapi?

Fundi
Yaya, mteja hajawahi kuuliza Windows. Anauliza Facebook iko wapi. Weka alama yake kubwa katikati ya skrini.