Kibao cha vijana: tuandike BARAZA au BUNGE?

LangoniKwetu: Salaam alekum wana Lamu. Tumeanzisha kikundi cha vijana hapa mtaani, fundi wa kibao ashachanganya rangi tangu asubuhi ananingoja mimi, wenzangu nusu wanataka Baraza la Vijana nusu wanataka Bunge la Vijana. Tofauti yake hasa ni nini?

mzee_wa_daka: Waalekum salaam mwanangu. Baraza kwetu ni pale nje ya mlango, kiti cha mawe, watu wakitoka kuswali wanaketi kahawa inapita maneno yanaanza, basi kikao kikachukua jina la pale pa kukalia. Na majilisi ni hivyo hivyo, Kiarabu, asili yake kuketi. Nyinyi bado mnakaa mnaongea tu, hilo ni baraza.

MalindiShela: Sawa mzee lakini bunge lina meno! Linapitisha sheria, linapitisha bajeti. Baraza la chifu unaenda, unapigwa jua, unarudi nyumbani. Halafu bunge linazaa, kuna mbunge kuna ubunge, wa baraza utamwita nani, mbaraza? 😂

visiwani_tu: We Malindi usitudanganye. Zanzibar wanaotunga sheria ni Baraza la Wawakilishi tangu 1980, Bunge liko Dodoma. Na hapa Kenya kabla ya uhuru ile Legco iliyoanza 1907 kwa Kiswahili ni Baraza la Kutunga Sheria, kwa hivo meno hayako kwenye jina.

MalindiShela: haya, hapo umenipata. Ila kaunti zote 47 wanasema bunge la kaunti, sijasikia anayesema baraza

asumini_ya_jioni: Mimi naipenda hiyo "kutunga". Mama kila alasiri anatunga asumini, uzi mmoja sindano moja, ukiruka ua moja utaliona pengo hadi kesho, na sheria nayo eti inatungwa 😅 Seneti msiiguse kabisa, ni Kilatini yatokana na wazee, nyinyi ndevu hamna. Wazungu nao parliament yao imetoka kwa Kifaransa, kuongea. Kwa hivo mzee anaketi, Mfaransa anaongea, Mrumi anazeeka.

mzee_wa_daka: 😂😂 umemaliza mwanangu

LangoniKwetu: Nimemwambia aandike BARAZA, mtu wetu tutamwita mjumbe. Shida ni fundi kaanza na herufi kubwa mno, LA VIJANA itashuka mstari wa pili.