Mjadala: Mtoto mwenye mahitaji maalumu kufundishwa nyumbani, sheria ya Kenya imruhusu mzazi au imzuie?

Mleta mada:
Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu hicho hakitaji masomo ya nyumbani. Kwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, au wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa bila kuegemezwa, ukimya huo ni mtego: shule ya jirani haina mwalimu aliyesomea elimu maalumu, shule maalumu yenye nafasi ni ya bweni na iko kaunti nyingine, na akiamua kumfundisha mwanawe mwenyewe, chifu anaweza kumfuata kama mzazi aliyepuuza wajibu.

Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaitambua elimu ya nyumbani, lakini sera haimkingi mtu mahakamani. Kwa hiyo napendekeza Waziri atunge kanuni. Mtoto afanyiwe tathmini kwanza katika kituo cha EARC, yaani vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo tunavyo tangu mwaka 1984. Asajiliwe chini ya shule iliyo karibu ili asipoteze haki ya kupimwa na Baraza la Mitihani. Afuate mkondo wa hatua, yaani kupanda kwa uwezo wake badala ya umri, ambao Mtaala wa Umilisi umewawekea wasioweza kwenda na madarasa ya kawaida. Na ruhusa yenyewe ipitiwe upya kila mwaka. Asiyekubaliana aseme.

Mwalimu wa kitengo maalumu, Kisii:
Sikubaliani. Ndugu yangu amemzungumzia mzazi anayefundisha, ilhali kazi yangu imenikutanisha zaidi na mzazi anayeficha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza waziwazi kumficha mtu mwenye ulemavu kwa namna inayomnyima huduma, na wabunge hawakuliandika hilo kwa kujifurahisha. Tumewapokea watoto waliokaa chumba cha nyuma hadi umri wa balehe, hawana hata ishara moja ya kuombea maji. Mpe mzazi wa namna hiyo cheti cha elimu ya nyumbani, nawe utakuwa umempa kufuli lenye muhuri wa serikali.

Tena, nani atakagua? Maofisa wa EARC ni wachache na maeneo yao ni mapana. Tathmini ya kwanza yenyewe husubiriwa. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii. Fedha za kukagua nyumba mojamoja zingeajiri wasaidizi wa darasani. Na mtoto kiziwi, hasa huyo, hawezi kujifunza Lugha ya Ishara ya Kenya kwa mama ambaye naye haijui. Anahitaji viziwi wenzake.

Mzazi, Leicester:
Mwalimu wetu, kwa heshima, Ibara ya 54 umeisoma nusu. Inaendelea kusema kwamba muungano huo uwe kwa kiwango kinachoafikiana na maslahi ya mtu mwenyewe. Si amri ya darasa moja kwa wote.

Hata hivyo, mleta mada asidhani ruhusa peke yake ni ushindi. Hapa England, sheria ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi kutimiza wajibu wake kwa shule au kwa njia nyingine, na kwa kawaida haombi ruhusa ya mtu, isipokuwa mtoto akiwa amewekwa na halmashauri katika shule maalumu: huyo hafutwi kwenye orodha ya shule bila halmashauri kuridhia. Tatizo huja baadaye. Chini ya sheria ya mwaka 2014, mzazi akishajipangia mwenyewe elimu inayofaa, halmashauri haiwajibiki tena kutoa huduma zilizoandikwa katika mpango rasmi wa elimu na huduma ambao mtoto mwenye mahitaji maalumu huandikiwa, ikiwemo tiba ya usemi. Nawajua wazazi waliowatoa watoto kwa sababu shule ilishindwa, kisha wakahesabiwa kuwa wamechagua kwa hiari.

Mleta mada:
Dada wa Leicester, nalichukua hilo na kuliongeza kama sharti: ruhusa ya nyumbani isimwondolee serikali wajibu wa vifaa, tiba na mwalimu wa kumtembelea mtoto. Bila hilo, kanuni itawafaa wenye fedha tu, wanaomudu kumlipa mtaalamu wa faragha jijini Nairobi.

Mwalimu, mtoto anayefichwa leo hayumo katika daftari lolote, na hiyo ndiyo sababu nataka usajili. Kwa viziwi nakubali masharti yawe makali zaidi. Lakini kuhusu adhabu siwezi kulegeza: mzazi asishtakiwe kabla bodi ya elimu ya kaunti haijamwonyesha, kwa maandishi, shule yenye nafasi, yenye mwalimu aliyehitimu, na namna mtoto atakavyofika huko kila siku. Je, hata sharti hilo unalikataa?