Namba za ubavuni kwenye boti ya uvuvi ya mita 13 na nusu, zinatakiwa ukubwa gani? (Mtwara)

KusiLaJuni:
Habari zenu wadau. Nina swali kwa wanaojua mambo ya vyombo, hasa mlioko huku kusini, Mtwara, Lindi mpaka Kilwa. Nimekuwa na boti ya mbao ya mita 8 kwa miaka kama sita hivi, ya ringneti (wavu wa kuzungushia) ya dagaa, namba yake aliandika kijana mmoja pale ufukweni kwa brashi nikampa hela ya soda na hakuna mtu aliyewahi kunisumbua. Mwaka huu tumechanga na shemeji yangu tukanunua boti ya faiba ya mita 13 na nusu, imetumika lakini bado ina afya, lengo ni kusogea mbali kidogo tufuate jodari kaskazi ikiingia, maana hapa karibu wenyewe mnajua hali ilivyo.

Sasa boti imekuja na namba ya tangu kwa mwenyewe wa zamani. Imeandikwa kwa herufi za kulala zenye mikia kama kadi ya harusi, halafu ipo omo kabisa, mbele ya boti, pale ubavu unapojikunja kupanda juu. Wiki iliyopita tumetoka kuijaribu tu mashine, wala wavu hatujabeba, tukasimamishwa na boti ya doria wakasema namba haisomeki, rudini. Tukarudi. Petroli lita 40 imekwenda na maji. Nikamuuliza mmoja wao inatakiwa iwe kubwa kiasi gani, akanijibu "kubwa, ionekane". Sasa kubwa ya macho ya nani jamani?

Naomba mwenye kujua anisaidie: ukubwa, mahali pa kuandika, rangi gani, na ule mtumbwi wa taa tunaouburuza nyuma nao unahitaji namba yake? Fundi rangi yupo ananisubiri, nisije nikalipa mara mbili.

BwanaMzigo_Kilwa:
Mkuu kabla ya rangi anza na makaratasi. Umesema namba ni ya tangu kwa mwenyewe wa zamani, je umiliki umeshabadilisha? Maana watu wengi wananunua boti kwa kupeana mikono na karatasi ya serikali ya mtaa basi, halafu kwenye daftari la halmashauri chombo bado kinasoma jina la mtu mwingine. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako na mkataba wa mauziano, pitia BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wako, wakutambue, akague chombo, ulipie kwa kontrol namba. Na kwa sababu hiyo yako sio mtumbwi, TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, nao watataka kuiona kwa habari ya usalama, maboya ya kuvaa na vitu kama hivyo. Namba ya kuandika ni ile utakayopewa kwenye cheti, sio unayoikuta ubavuni. Nimeona mtu Kivinje kaandika vizuri mno, kapendeza, kumbe tarakimu moja kakosea, akafuta kazi yote.

Tanga_Moja:
Mimi nitasema ukweli hata kama mtanuna. Hizi namba kubwa kubwa ni za kumsaidia mtu mwenye darubini akuone toka mbali aje akuvune. Babu zetu wametoka hapa Mikindani na mashua kwenda mpaka Msumbiji na Comoro bila namba yoyote, chombo kilijulikana kwa tanga lake na nahodha wake. Andika ndogo, lipa leseni yako, ukisimamishwa onesha karatasi.

NahodhaMstaafu:
KusiLaJuni nisome taratibu, nitakuwa mrefu kidogo. Nilipanda meli ya longilaini, ya kuvua kwa mshipi mrefu wenye ndoano nyingi, miaka kadhaa, hayo mambo ya namba yalikuwa kila siku tunasuguliwa nayo.

Hicho alichokwambia yule wa doria cha "kubwa, ionekane" kina kipimo chake. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa vipimo vya alama za vyombo vya uvuvi mwaka 1989 na mpaka leo ndivyo vinavyofuatwa sehemu nyingi duniani, ukitaka kuvua jodari mbali huko hata Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ile yenye makao Shelisheli, inataka meli iwe na alama kwa mtindo huo huo, na Tanzania ni mwanachama. Kwa hiyo hata kama hapa ufukweni watakuruhusu na kidogo kuliko hapo, wewe fuata hivyo maana hakuna atakayekwambia umekosea.

Ukubwa unakwenda na urefu wa chombo. Chini ya mita 5 herufi ziwe na kimo cha sentimita 10. Kuanzia 5 mpaka kabla ya 12 ni sentimita 30, na hapo ndipo ile boti yako ya mbao inapoangukia, kwa hiyo namba ya hela ya soda nenda kaipime na rula utacheka. Kuanzia 12 mpaka kabla ya 15 ni sentimita 40, hiyo ndiyo ya kwako ya sasa. Mita 15 ni 60, mita 20 ni 80, na meli za mita 25 kwenda juu herufi moja ina kimo cha mita nzima. Hivyo ni vya chini kabisa, ukizidisha ruksa.

Unene wa mstari wa herufi ni kimo gawanya kwa sita. Yako 40 kwa 6 ni kama sentimita 6 na nusu, weka 7 fundi asihangaike. Nafasi kati ya herufi na herufi isizidi robo ya kimo na isipungue moja ya sita, yaani kati ya 7 na 10. Kama kuna kistari kati ya herufi na namba urefu wake nusu ya kimo, sentimita 20. Sasa piga hesabu kabla hujashika brashi, alama yenye herufi na tarakimu nane, kila moja na upana wa sentimita 25, ukiongeza nafasi unapata kama mita 2 na nusu hivi. Ndio maana omo haikutoshi.

Rangi ni mbili tu, nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe. Na ule weusi au weupe wa chini utokeze kuzunguka namba pande zote angalau moja ya sita ya kimo, usiishie kwenye ukingo wa herufi. Boti yako ina rangi gani? Kama ni ya buluu usiandike nyeupe juu ya buluu ukadhani umemaliza, piga kwanza bango jeusi.

Mahali: mbavu zote mbili, juu kabisa ya mstari wa maji, isiwe omo panapojikunja wala shetri kule nyuma. Ukiandika pale panapojikunja, mtu aliye juu ya meli au kwenye ndege anaona vipande tu. Halafu na hapa watu wengi hawafikirii, isiwe mahali ambapo wavu ukining'inia unaifunika, na isiwe chini ya tundu la kumwagia maji.

FundiFaiba:
Hapo kwenye tundu la maji mzee kanigusa. Nimepaka boti moja Shangani, namba safi, mweupe wa kung'aa. Mwezi mmoja tu ikarudi ubavu wa kulia una mstari wa kahawia toka kwenye tundu kwenda chini, yale maji ya dagaa yenye mafuta na damu yanateremka hapo hapo kila siku, namba 8 ikawa inasomeka 3. Mwenyewe ananilaumu rangi mbovu. Sio rangi bwana, ni mahali.

Kwa kaka wa faiba: usikubali fundi apake juu ya ile ngozi inayong'aa, itabanduka kama ngozi ya mhogo wa kuchemsha. Asugue na msasa mpaka pawe na ukungu ukungu, afute na thina, apige praima, akauke, ndio rangi ya baharini, sio rangi ya geti. Mimi herufi nazikata kwenye plastiki ngumu, mfuniko wa ndoo kubwa unafaa sana, nazibandika na tepu halafu napaka kwa sponji kidogo kidogo, brashi inaingiza rangi chini ya plastiki. Na boti ivutwe juu, wasikudanganye kupaka ikiwa inaelea, asubuhi ubavu una jasho la umande hata kama huoni. Halafu upande unaofungia kamba ya nanga angalia, kamba ikisugua hapo mwezi tu umebaki na nusu namba.

Zile herufi za kadi ya harusi mwambie aziache kwa ajili ya jina la boti 😂

MamaDagaa_Mgao:
Tanga_Moja baba, nakuheshimu ila hapo umepotoka. Mimi sio nahodha, mimi nina boti mbili na vijana ndio wanatoka nazo. Mwaka juzi kusi la mwezi wa saba boti yangu moja mashine ilizima usiku, wakaanza kuchukuliwa na maji. Nahodha simu yake ilishika mtandao kidogo tu, akasema tunaelekea kaskazini, ikakata. Mimi nikaanza kupiga simu, Sudi, Lindi, Kilwa, kila ninakopiga naulizwa boti inaitwaje, nasema Subira. Unajua kuna Subira ngapi kutoka Msimbati mpaka Songosongo? Kuna aliyeniambia tumeiona Subira imelala hapa salama, nikashusha pumzi, nikakaa chini, kumbe ni Subira ya watu wengine inapakwa deheni. Nikapoteza saa tatu kwa jina.

Aliyewapata ni mwenye jahazi la mizigo, alipiga simu ufukweni akasoma herufi na tarakimu moja moja, sikuhitaji kuuliza jina. Alizisoma akiwa mbali kabla hata hajawafikia, vijana wamelala chini kwa kiu wala hawana nguvu ya kupunga mkono. Sasa hiyo darubini unayoisema ndiyo iliyonirudishia watoto wa watu.

Tanga_Moja:
Dada hapo sina la kusema, pole sana. Mimi nilikuwa naongelea habari ya kutozwa tu. Ila babu zetu nao waliokolewa bila namba, hilo siliondoi.

NahodhaMstaafu:
Tanga_Moja jina lako lenyewe linakujibu, hivyo vipimo vinasema chombo chenye tanga kinaweza kuandika alama kwenye tanga pia, ila ya ubavuni ibaki. Kwa hiyo mashua ya babu nayo ina nafasi yake.

Nilisahau mtumbwi wa taa. Kitu chochote kidogo ambacho chombo kinakibeba kwa kazi ya uvuvi kinabeba alama ile ile ya mama yake. Usiutafutie namba nyingine, uandike namba ya boti kubwa kwa herufi za saizi ya huo mtumbwi, kama uko chini ya mita 5 basi sentimita 10 inatosha. Na maboya ya nyavu au ya mshipi unaouacha majini yaandike namba hiyo hiyo, wavu ukikatika ukaokotwa angalau unajulikana ni wa nani.

Kitu kingine: boti yako ina sitaha, yaani imefunikwa juu kwa sakafu, au iko wazi? Yenye sitaha inatakiwa alama pia juu, pa kuonekana kutoka angani, kimo kisipungue sentimita 30, na usiweke turubai juu yake. Iliyo wazi hailazimishwi hiyo ya juu.

Na ukisikia watu wanataja 5H usishtuke, hizo ndizo herufi ambazo shirika la mawasiliano la kimataifa limeipa Tanzania kwa ajili ya alama za wito wa redio, Msumbiji wana C8 na C9, Kenya 5Y na 5Z. Meli yenye redio inaandika alama yake ya wito ubavuni. Isiyo na alama ya wito inaandika herufi za nchi, kistari, halafu namba ya usajili. Huko nje mtu wa doria akisoma mwanzo tu ameshajua wewe wa wapi. Ukisogea karibu na mdomo wa Ruvuma utaona faida yake, kwa mambo ya vita yaliyotokea Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, boti isiyosomeka upande ule inatia watu wasiwasi kabla hata hujafungua mdomo kujieleza. Lakini uandike unavyoelekezwa kwenye cheti chako, usijibandikie 5H kwa kusoma humu.

KusiLaJuni:
Aisee wazee mmenifungua. Nimetoka kuipima sasa hivi na futi ya fundi. Ile ya zamani kimo chake sentimita 17, tena pale penye mkia, ukitoa mikia haifiki 12. Yule jamaa wa doria alikuwa na haki na mimi nilimnunia mpaka nyumbani.

Boti ni ya kijani na ina kisitaha kifupi mbele, kibanda cha nahodha juu yake kina paa bapa la plaiwudi, nadhani hapo ndipo pa kuandika ile ya angani. Kuhusu umiliki mdau wa Kilwa umenishtua, kwa kweli tulipeana mikono tu na mtendaji akagonga muhuri. Kesho kutwa naenda halmashauri na shemeji, rangi itasubiri. Mama wa Mgao shikamoo, na pole.

FundiFaiba naomba kuuliza la mwisho, hili bango jeusi la mita 2 na nusu kwa jua la huku halitachemsha faiba? Au nifanye bango jeupe namba nyeusi?

FundiFaiba:
Bango jeupe, namba nyeusi. Jeusi kwenye faiba ya kizamani nimeona likitoa malengelenge. Ukimaliza halmashauri nitafute, ila leta cheti chenyewe mkononi, sitaki kusomewa namba kwa simu.