Kituo cha redio na televisheni nyumbani: nianze na kifaa gani?

Roshani_ya_Juu:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Leseni ya redio ya ridhaa (ya burudani, isiyo ya biashara) ninayo, alama ya wito nimepewa, sasa nataka kujenga kituo nyumbani. Chumba kipo, paa naruhusiwa kulitumia, na nyuma ya nyumba kuna miti miwili mirefu iliyoachana kama mita 25. Ninataka mambo mawili: kuzungumza kwa sauti kwenye bendi ya mita 40 (karibu na 7 MHz), na kurusha picha. Televisheni ya ridhaa hasa, inayopita hewani, siyo video ya intaneti. Fedha yangu inatosha ama transiva (redio inayorusha na kupokea) ya hali ya juu peke yake, ama ya kawaida pamoja na vitu vingine. Wengi wananiambia ninunue transiva kubwa kwanza, mengine yatafuata. Mliotangulia mnasemaje? Na hiyo televisheni mtu anaanzia wapi?

Mzee_Dipoli:
Marahaba, na hongera kwa leseni. Fedha yako ipande juu ya paa kabla haijafika mezani. Hilo nitakwambia leo na hata ukiniuliza mwakani. Transiva ya kawaida yenye antena nzuri husikika mbali kuliko ya kifahari iliyofungwa kwenye waya wa kubahatisha.

Miti hiyo miwili usiichezee. Dipoli ya nusu wimbi, yaani antena ya mikono miwili ya waya inayolishwa katikati, hupigiwa hesabu kwa kugawa 143 kwa masafa ya MHz. Kwa 7.1 unapata mita 20 na ushee, yaani kila mkono mita 10 na sentimita chache. Acha kila mkono uzidi kama nusu mita, pandisha, pima SWR (kipimo kinachoonyesha nguvu inayokataliwa na antena na kurudi kwenye redio), shusha, kunja ncha kidogo, pandisha tena. Kunja, usikate, mpaka uridhike na kipimo. Waya wenye ganda la plastiki huwa unataka kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu inavyosema. Kimo kikifika mita 10 hivi, mchana utaongea vizuri na watu walio ndani ya kilomita mia kadhaa, kwa sababu nguvu nyingi hupanda wima na kurudi. Jua likizama, lile tabaka la D la angani linalomeza mawimbi hutoweka, na bendi hiyo hiyo inakuvusha bahari.

Pale kebo inapokutana na dipoli, ipitishe mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti (sumaku ngumu kama kauri). Usipofanya hivyo, ganda la nje la kebo linakuwa sehemu ya antena na kukuletea makelele ya nyumba nzima. Na makelele ndiyo yanayoua vituo vingi vya nyumbani siku hizi, wala si uchache wa wati. Zima umeme kwenye swichi kuu, endesha redio kwa betri, sikiliza. Kisha washa kitu kimoja kimoja: chaja, taa za LED, kidhibiti cha sola. Kwangu ilikuwa chaja ya kompyuta. Nilipoiondoa, mita ya redio inayoonyesha nguvu ya mawimbi ilishuka kutoka S7 hadi S3, na vituo ambavyo sikujua kama vipo vikaanza kusikika.

Ugavi wa umeme uwe wa volti 13.8. Kwa wati 100 tafuta unaotoa ampea 22 au zaidi. Televisheni namwachia Bi Masafa.

Bi_Masafa:
Nimeitika, Mzee. Mwanangu, picha zina njia mbili, na ya kwanza haitakugharimu karibu chochote. Ni SSTV, picha tuli inayogeuzwa kuwa milio na kupita kwenye upana ule ule wa sauti. Sikiliza 14.230 MHz, unganisha redio na kompyuta kwa waya wa sauti, na programu itakuchorea picha mstari kwa mstari. Mtindo wa Scottie 1 huchukua muda usiofika dakika mbili kwa picha moja. Kituo cha Anga cha Kimataifa nacho hurusha picha za namna hii mara kwa mara kwenye 145.800 MHz, na redio ya mkononi inazinasa.

Njia ya pili ni video inayotembea, na hapo mimi sina uvumilivu na mtu anayeanza kwa kurusha. Anza kwa kupokea. Setilaiti ya QO-100, inayobeba mawasiliano ya redio ya ridhaa, ilirushwa Novemba 2018 na imetulia juu ya ikweta karibu nyuzi 26 mashariki. Inaonekana kuanzia Brazili hadi Thailand. Haichomozi wala haizami, kwa hiyo ukilenga dishi umelenga. Televisheni yake hushuka kati ya 10491 na 10499 MHz. Dishi la sentimita 80 au 90 na LNB ya kawaida (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi na kushusha masafa) vinatosha. Ipe volti 18 ili ichague mawimbi ya mlalo. LNB inapunguza 9750 MHz, kwa hiyo kwenye kebo utakutana na 741 hadi 749 MHz. King'amuzi cha sebuleni hakifiki huko, kwani huanzia 950. Unahitaji risiva kama MiniTiouner, au redio ya programu (redio ambayo kazi yake kubwa hufanywa na kompyuta) na kompyuta. Pale mwanzoni mwa bendi kuna kinara kinachorusha video muda wote. Ukikipata, dishi liko sawa.

Siku ya kurusha, unapanda kwa 2401.5 hadi 2409.5 MHz. Setilaiti inataka mawimbi yanayojizungusha kulia, lakini dishi hugeuza mzunguko, hivyo antena inayotazama dishi lazima izungushe kushoto. Kifaa kidogo cha kurushia kama ADALM-PLUTO hutoa miliwati tu, kwa hiyo utahitaji amplifaya, na hiyo ifungwe nyuma ya dishi! Kebo ya RG-58 kwenye 2.4 GHz hupoteza karibu desibeli moja kila mita. Ukiipitisha mita 10 kutoka mezani, wati 10 zinafika dishini zikiwa wati 1.

Alama yako ya wito ionekane kwenye picha, na nguvu yako isizidi ya kinara. Ukizidisha unawaumiza wengine.

Roshani_ya_Juu:
Asanteni sana. Basi nachukua transiva ya kawaida, waya na dishi. Dishi na dipoli zinaweza kukaa jirani? Na radi je?

Mzee_Dipoli:
Zinaweza, ila usiache ncha ya dipoli ikaribie dishi. Ncha ndizo zenye volti kali unaporusha, na watu wasizifikie. Kebo zote ziingie nyumbani mahali pamoja, kila moja na kizuia radi chake, na vyote viungwe kwenye ardhi moja na ya umeme wa nyumba. Mawingu yakijikusanya, chomoa kebo mapema na uziache nje ya chumba. Ukishapandisha waya, niandikie kimo, urefu wa kila mkono, na SWR kwenye 7.0, 7.1 na 7.2.