Ushauri: nitatofautishaje chenoviti na zenotimu kabla sijanunua?

Mwanamawe_Basel
Wakuu, habari zenu. Naishi Uswisi na nakusanya fuwele ndogo, zile za kutazamwa kwa hadubini. Kuna mzee anapunguza makusanyo yake, ameniwekea kipande cha mwamba wa naisi kutoka mlima Cherbadung, upande wa bonde la Binntal. Kwenye ufa wake kuna fuwele ya njano mpauko inayoelekea kijani, haifiki milimita 2, umbo lake piramidi mbili zilizogusana vitako. Lebo ya mkono inasema ni chenoviti, yaani asenati (muungano wa aseniki na oksijeni) ya metali iitwayo itriamu, na bei anayotaka ni ya chenoviti kweli. Tatizo ni kwamba zenotimu, fosfeti (yenye fosforasi badala ya aseniki) ya itriamu hiyohiyo, nayo inatoka mlima huohuo na kwenye picha naona zinafanana kabisa. Nitahakikishaje? Kutu iliyoganda pembeni naweza kuitoa kwa asidi? Halafu nina mtoto anayetambaa, aseniki iliyomo ina hatari? Naombeni mnieleze bila kufupisha.

Fundi_Hadubini
Mkuu, kwa macho huwezi, na anayekwambia anaweza usimwamini. Chenoviti ni YAsO4, zenotimu ni YPO4, na zote mbili atomi zake zimepangwa kama za madini ya zikoni. Pale palipokaa fosforasi, kwenye chenoviti pamekaa aseniki, basi. Umbo ni lilelile, ugumu wa zote ni kati ya 4 na 5, na rangi zinaingiliana.

Binti_Kilwa
Samahani kuingilia, kwani aseniki si nzito kuliko fosforasi? Si apime densiti tu?

Fundi_Hadubini
Dada, wazo zuri, lakini chenoviti ni kama 4.9 na zenotimu huanzia 4.4 hadi 5.1, kutegemea metali gani nyingine adimu za ardhi zimeingia pamoja na itriamu. Na fuwele yenyewe imeshika mwamba, haipimiki peke yake.

Mwanamawe, njia ni mbili. Ya kwanza ni Raman, ile ya mwanga wa leza. Haigusi sampuli. Asenati hutoa kilele kikubwa karibu na 850 hadi 900 kwa sentimita, fosfeti hutoa karibu na 1000. Omba wapime kwa leza za rangi mbili tofauti. Hizi metali adimu huwaka zenyewe zikimulikwa, na mng'ao huo huchora vilele vya uongo. Kilele cha Raman hubaki palepale ukibadilisha leza, cha uongo huhama.

Ya pili ni hadubini ya elektroni yenye kipimo cha eksirei, na hapa kuna mtego unaonikera kila nikiona ripoti za haraka. Mistari ya eksirei ya itriamu iko kwenye nishati ya 1.92 na 2.00 keV, ya fosforasi 2.01. Programu ikiachwa ijisomee inaweza kukuandikia fosforasi ambayo haipo, au kuificha iliyopo. Mstari wa chini wa aseniki, 1.28, nao umebanana na magnesiamu, 1.25. Waambie watumie kilovolti 20 ili watazame mstari wa juu wa aseniki, 10.5 keV. Ukiwepo wazi, una asenati. Na wapime bila kupaka kaboni, kwa kutumia chemba yenye hewa kidogo, la sivyo utarudishiwa kipande kilichopakwa weusi.

Mpanda_Miamba
Niongeze upande wa mahali. Lebo ya mzee ina mantiki. Cherbadung, ambao Waitalia wanauita Pizzo Cervandone, uko mpakani, na naisi zake zina nyufa zilizojaa madini ya aseniki ambayo kwingine ni nadra sana: asbekasiti, kafasiti, na gaspariti, ambayo ni asenati ya seriamu iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kutoka hukohuko mwaka 1987. Mwamba wa zamani ulikuwa na mashapo ya shaba na aseniki. Alps zilipojikunja, maji moto yaliibeba aseniki hadi kwenye nyufa, ikakutana na metali adimu. Seriamu, kwa kuwa ioni yake ni kubwa, ikajenga umbo la monaziti, madini mengine ya metali adimu. Itriamu, ndogo zaidi, ikajenga hili la zikoni. Kwangu hicho ndicho kipande cha kuvutia zaidi katika habari nzima.

Kwa mara ya kwanza chenoviti ilielezwa mwaka 1967 kutoka milima ya Ural, Urusi, na jina ni la mwanajiolojia Aleksandr Chernov (1877–1963), yule aliyetafiti makaa ya mawe ya Pechora, hukohuko Urusi. Ipo pia kwenye granaiti za Krušné hory, Ucheki.

Mama_Kemia
Kuhusu mtoto. Aseniki ni karibu theluthi moja ya uzito wa chenoviti. Fuwele ya ujazo wa milimita moja ya mchemraba ina kama miligramu 5, kwa hiyo aseniki ni miligramu 1.6 hivi, tena imefungwa ndani ya jiwe lisiloyeyuka kwa maji. Ikiwa kwenye kiboksi chenye kifuniko, juu kabatini, sina wasiwasi. Usiisage, usiipashe moto, nawa mikono baada ya kuishika. Inaweza kubeba thoriamu au urani kidogo, ambazo hutoa mionzi, kwa hiyo chumba cha mtoto si mahali pake. Asidi hapana: hujui kuna nini kingine cha aseniki kwenye ufa huo, na kitakachoyeyuka kitaishia kwenye sinki lako. Maji yaliyotoneshwa (distilled) na brashi laini vinatosha.

Mwanamawe_Basel
Asanteni sana, Mungu awabariki. Na ikionekana aseniki na fosforasi zote zimo?

Fundi_Hadubini
Inawezekana kabisa, hizi mbili huchanganyika. Hesabu atomi, usihesabu uzito: aseniki ikizidi fosforasi ni chenoviti, ikipungua ni zenotimu. Wapime katikati na ukingoni, maana mara nyingi fuwele hubadilika ikikua. Mwombe mzee akushikie kipande hadi majibu yatoke, na vyovyote iwavyo usiitupe lebo yake ya mkono.